Kigoma Hadi Kasulu, na Kupitiliza Kidogo

Jumatano, 2 Septemba 1998

Msiba. Tena msiba wa makusudi.

Kikao cha asubuhi. Mzee Walter, mkuu wa ofisi yetu ya wakimbizi, ametangaza mambo mawili kwa pumzi moja, kana kwamba yana uzito sawa. La kwanza: Jumamosi ya wiki ijayo wafanyakazi wote wenye afya wataendesha baiskeli kutoka Kigoma hadi Kasulu, kila mmoja na furushi la madaftari ya shule ya watoto wakimbizi. Haijawahi kufanyika! Watu wakapiga makofi. La pili: kuanzia Oktoba karani mmoja wa muda atahamishiwa Mwamgongo, kupokea watu wanaovuka ziwa. Hapo hakuna aliyepiga makofi. Makarani wa muda tuko wawili tu. Mimi na Abdulmajid.

Mwamgongo hakuna barabara. Unakwenda kwa boti. Boti! Mimi nimezaliwa Kongwa. Kwetu maji yakifika kwenye vifundo vya miguu watu wanaanza kuaga. Tangu nihamie hapa sijaukanyaga mchanga wa ufukwe wa Katonga bila viatu, na dagaa nanunua kwa kutuma mtu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kwa heshima zote, huyo wa Mwamgongo atapatikanaje. Mzee akasema atatutazama njiani. Eti mtu humjui mpaka umwone amechoka.

Sihitaji kutafsiriwa. Atakayefanya vizuri atabaki Kigoma. Atakayeaibika atapandishwa boti. Abdulmajid alikuwa anatabasamu. Mtoto wa Ujiji, anaogelea kama samaki mgebuka, na bado anataka kuninyang'anya nchi kavu! Alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nikajiandikisha wa pili, kwa mwandiko mzuri kuliko wake.

Ijumaa, 4 Septemba

Nina baiskeli. Nasema hivyo kwa kuwa sina neno jingine.

Bonifasi, fundi wa njiapanda, amenikodishia Phoenix ya rangi ambayo zamani ilikuwa nyeusi. Nikaikagua kwa makini, kama nilivyofundishwa kukagua kila kitu. Breki ya nyuma haipo. Sikusema ni mbovu. Haipo. Nikamwonyesha. Akaangalia mahali pake kwa muda, kama mtu anayekumbuka rafiki, kisha akaniuliza nakwenda wapi. Kasulu. "Kasulu si ni kupanda mwanzo mwisho, bosi? Sasa breki unataka umsimamishe nani?"

Vijana wote waliokuwa kibandani wakacheka. Nikamwambia huo si utaalamu. Akasema kengele inalia vizuri, akaipiga mara nyingi kuthibitisha.

Bi Mwanvua, mwenye nyumba wangu, alitoka uani kunitazama nikijifunza kupanda bila kushikilia ukuta. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha. Akasema, "Mwanangu Jonathan, kwa miguu hiyo ya korongo, Kasulu watakupokea mwaka mpya." Halafu akaita jirani.

Nalipa kodi kwa wakati. Sijui kwa nini hilo halimpi mtu heshima katika mji huu.

Jumapili, 6 Septemba

Mazoezi. Mpango: Ujiji hadi Simbo na kurudi, kabla jua halijawa kali. Nilikuwa na chupa ya maji, kofia, na moyo wa ushujaa.

Mpango haukuwahesabu wazee. Kila mita chache yuko mzee kando ya njia, na kila mzee anataka salamu. Wa kwanza nilimtupia "Shikamoo" nikiwa juu ya baiskeli, nikapita. Nikasikia kishindo cha fimbo chini. Akaniita nirudi. Nikarudi. Akaniuliza kwa upole kama nimefungwa kamba kwenye hicho chuma. Nikasema hapana. Akauliza basi kwa nini miguu yangu inaogopa kugusa ardhi ya Simbo.

Nikashuka. Akapiga makofi taratibu, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye!", akauliza habari za nyumbani, za kazini, za mvua ya kwetu, za mama yangu, za ng'ombe ambao sina. Nikajibu zote. Nikapanda. Mbele yangu, mzee mwingine, tayari ameshaanza kupiga makofi.

Sasa mimi sijui kupanda baiskeli pasipo ukuta. Kila salamu ikawa safari ya kutafuta ukuta, na Simbo kuta ni chache, migomba ndiyo mingi. Migomba haishikiki. Nimeangukia migomba.

Na hapo, nikiwa chini, anapita Abdulmajid. Amempakia bibi yake nyuma, bibi amepakata ndoo ya mawese, na wote wawili wanaimba! Abdulmajid akateremka kwa mguu mmoja bila kusimama sawasawa, akamwamkia yule mzee, akapiga makofi yake, akapanda tena, yote hayo bibi hajatikisika. Bibi akanitazama pale chini akamwuliza mjukuu wake huyu ni nani. Akajibiwa, mwenzangu wa ofisini. Bibi akasema, "Maskini."

Hayo ni maringo. Mtu mstaarabu hapakii bibi ili kuwaumiza wengine.

Jumanne, 8 Septemba

Nimetumia akili, kwa kuwa misuli imegoma.

Nilimfuata Mzee Walter faragha. Nikasema kwa masikitiko kwamba nahofia usalama wa ofisi Jumamosi. Wote tukiondoka, nani atalinda? Nikapendekeza abaki mwenyeji, mtu anayeujua mji, mtu mwaminifu kama Abdulmajid. Nilimsifu mpaka nikaumwa taya.

Mzee akanishika bega. Akasema vijana wenye kuwaza mbali namna hii ni wachache. Ofisi italindwa na polisi. Lakini kwa kuwa nina moyo wa kujitolea, nibaki leo na kesho jioni nipige chapa tangazo jipya la mapokezi ya kambini, ambalo kila mtu amelikwepa.

Wenzangu walikwenda mazoezini. Mimi nilikaa na taipureta. Hata hivyo, nasema bila kujisifu, tangazo limetoka safi. Linaagiza kwamba yeyote atakayeshuka kwenye lori apite meza zote nne, ya jina, ya chanjo, ya blanketi na ya biskuti, na kwamba HAKUNA atakayerukwa kwa sababu yoyote ile. Herufi kubwa ni wazo langu. "Kwa sababu yoyote ile" pia ni langu. Mzee alisema lina meno.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimepata! Sijui kwa nini watu wanahangaika na mazoezi.

Jumamosi hiyo hiyo malori yanawapeleka kambini watu waliofika wiki hii. Kambi iko mbele ya Kasulu, barabara ni hiyo hiyo yetu. Lori la mizigo hutangulia peke yake, na dereva wake, Martini, husimama Kidahwe kunywa chai. Hunywa chai kama mtu anayesali. Hatazami nyuma.

Kwa hiyo: naondoka na msafara, natabasamu, naonekana. Taratibu nabaki nyuma. Kidahwe naingia loriani na baiskeli yangu, chini ya turubai. Karibu na Kasulu lori hupunguza mwendo kwenye mlima, nashuka, najimwagia maji usoni yafanane na jasho, naingia mjini nikipiga kengele. Martini hatajua. Mzee hatajua. Abdulmajid atameza mate.

Kitambulisho changu nimekifungia kwenye sanduku hapa nyumbani. Njiani kinaweza kupotea. Nashangaa wenzangu wanavyotembea na vyao mfukoni kama njugu.

Jumamosi, 12 Septemba

Naandika nikiwa kambini. Ndani ya hema. Nimechanjwa.

Asubuhi yote ilikwenda kama nilivyopanga, hilo napenda lieleweke. Tulivishwa vitambaa vyekundu mkononi. Nikabaki nyuma bila shida yoyote. Kwa kweli nilibaki nyuma mapema kuliko mpango. Kidahwe, lori lipo, Martini yupo na chai yake. Nikainua baiskeli. Haikuinuka. Nikainua tena. Mkono ukatokea chini ya turubai ukaidaka usukani na kuivuta ndani kama samaki.

Nilipiga kelele. Kidogo.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, Mama Veneranda, mshonaji kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa amekataa kutengana na cherehani yake, basi wakampakia pamoja na mizigo. Akaniambia niingie upesi, nisiogope, hapa hakuna askari wanaofukuza mtu. Nikasema mimi sifukuzwi. Akasema ndiyo, hata yeye mwanzo alikuwa anasema hivyo.

Nikamweleza kwamba mimi ni karani. Akanipa muhogo wa kuchemsha na dagaa. Gari la Mzee Walter likapita karibu, nikajifunika turubai gubigubi. Yeye akanipapasa mgongo akisema, "Tulia mwanangu, limepita." Chini ya turubai kuna joto. Usiku wa jana sikulala kwa wasiwasi. Muhogo ulikuwa mwingi. Wakati fulani nilisikia vigelegele na kengele za baiskeli, nikaota nimeshinda.

Haikuwa ndoto. Ilikuwa Kasulu, na lori lilipita moja kwa moja!

Niliamka turubai likifunuliwa. Kambi. Mahema mpaka upeo wa macho. Mbele yangu meza nne, na kwenye mti, limebandikwa, tangazo langu.

Karani wa meza ya kwanza anaitwa Edina. Nikamwambia, kwa utulivu, kwamba kuna kosa, mimi ni karani wa ofisi ya Kigoma. Akasema pole sana. Nikasema haelewi, mimi ni karani. Akasema anaelewa vizuri, wiki iliyopita walimpokea jaji, na jaji alipanga foleni bila kelele. Akaomba kitambulisho. Nikamwambia kipo Kigoma, sandukuni, mahali salama. Watu waliokuwa nyuma yangu wakaguna kwa huruma. Wote vyao viko mahali fulani.

Nikatumia silaha ya mwisho. Nikamwonyesha tangazo nikasema, hilo nimelipiga mimi! Akalitazama. Akanitazama. "Vizuri, kaka. Basi unajua hakuna atakayerukwa." Akagonga kidole kwenye herufi kubwa.

Nikasema lazima kuwe na nafasi kwa mambo ya pekee. Akanisomea: kwa sababu yoyote ile.

Meza ya pili sindano ilikuwa nene. Meza ya tatu blanketi na sufuria. Meza ya nne biskuti, ngumu kama vigae. Ilipofika kugawa mahema wakaniambia mtu asiye na familia anakwenda hema kubwa la wanaume. Nadhani uso wangu ulisema kitu. Mama Veneranda akasogea akasema huyu ni mtoto wa dada yake, aandikwe kwake. Alisema bila kupepesa. Nikaandikwa.

Jioni nilimwuliza kwa nini amedanganya. Akasema mwanawe wa pili ana kimo kama changu, na hajui yuko ufuko gani wa ziwa. Kama amefika mahali, basi huko pia kuwe na mama mmoja mwongo.

Nikasema dagaa walikuwa na chumvi nyingi. Akasema ni kweli.

Jumapili, 13 Septemba

Siku ya majaribu yaliyozidi kiwango.

Asubuhi watoto waliliona furushi langu la madaftari kwenye keria. Habari ikaenea kabla sijanawa uso. Mwalimu wao akaja na shati lake la pekee limenyooshwa, akanishukuru kwa hotuba, akasema wanafunzi walikuwa wanaandikia mchangani. Nikafungua mdomo wa furushi kwa mikono yangu. Watoto walinusa madaftari kabla ya kuyafungua. Nilitaka kusema kwamba makabidhiano rasmi ni Kasulu na kwamba kuna utaratibu. Hakuna aliyeniuliza utaratibu.

Mama Veneranda alifunga blanketi na sufuria kwenye keria, akasema nisiviache, huko niendako sijui nitalala wapi. Akaniombea njia nzuri. Aliniita mwanangu mbele za watu, na mimi nikaitika.

Getini askari akanizuia. Mkimbizi hatoki bila kibali! Nikamwambia mimi si mkimbizi. Akatazama blanketi. Akatazama sufuria. Nikatafuta leso nijifute jasho, kikadondoka kile kitambaa chekundu. Askari akakiokota, akacheka mpaka bunduki ikacheza begani. "Wewe ni wa ule msafara wa baiskeli! Wenzako jana wameishia Kasulu. Wewe umepitiliza!"

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikaufunga. Mtu hapaswi kubishana na mwenye silaha.

Kutoka hapo hadi Kasulu nimeendesha mwenyewe. Nataka hilo liandikwe mahali, hata kama ni hapa tu. Milima yote mikubwa ya nchi hii imewekwa kwenye barabara ile. Bonifasi ni mwongo: kuna mteremko! Niliushuka bila breki, sufuria ikigonga, kengele ikilia yenyewe, mbuzi wakikimbia, nami nikitaja majina ya ndugu zangu wote walio hai. Niliomba maji kwenye nyumba. Nilisukuma. Nilikaa chini nikalia kidogo, kisha nikapanda kwa kushikilia kichuguu. Wazee niliwaamkia wote, na nilishuka kwa kila mmoja, maana kushuka kulikuwa ndiko kupumzika.

Niliingia Kasulu alasiri. Nilitokea upande wa kambini, wakati wenzangu wote wamesimama uwanjani wakitazama upande wa Kigoma. Abdulmajid peke yake ndiye aliyegeuka.

Mzee Walter alikuwa na macho mekundu. Kumbe alikuwa amezunguka na gari tangu jana jioni, Kidahwe na kurudi, akichungulia kila mtaro, akiuliza kila kijiji kama wamemwona kijana mwembamba wa Kongwa. Aliponiona alikuja mbio. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. Muda huo huo likaja gari la kambini na salamu za mwalimu: madaftari yamefika shuleni, yameletwa na mwendesha baiskeli mmoja, Mungu ambariki.

Basi! Kelele! Amepitiliza! Wenzake wameishia uwanjani, yeye kaenda mpaka kwa watoto! Nikabebwa juu. Mimi nilisema tu kwamba nilikuwa nimechoka, jambo ambalo ni kweli tupu.

Abdulmajid, aliyefika wa kwanza jana, alinisaidia kuteremsha blanketi. Akaitazama sufuria. Akautazama mkono wangu ulipochanjwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama biskuti zilikuwa zimeiva.

Anajua! Na hakusema kwa mtu! Sijawahi kuona ukatili wa namna hiyo.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimerudi Kigoma kwa gari, nimelala kifudifudi. Kukaa haiwezekani.

Bi Mwanvua amenikanda miguu kwa mawese ya moto, bila kuacha kucheka. Sufuria ameipenda, ameiomba. Nimekataa. Sijui kwa nini nimekataa. Nimeiweka juu ya sanduku.

Abdulmajid amepita kunijulia hali. Ameleta machungwa. Anataka nini?

Jumatano, 16 Septemba

Siku ya uamuzi. Naandika kwa hasira, na kwa jambo jingine pia.

Mzee Walter alituita wote wawili. Akasema ameona aliyotaka kuona. Kwa kuwa mimi nimekwenda mbali kuliko wote, nichague mwenyewe: Kigoma au Mwamgongo.

Nchi kavu! Meza yangu ya dirishani! Nilikuwa tayari nimefungua kinywa. Kisha Mzee akaongeza, kama utani, kwamba nikichagua Kigoma Abdulmajid atafurahi sana, maana tangu Julai anamsumbua apelekwe Mwamgongo, na msafara wote alikuwa anaendesha kwa nguvu ili akubaliwe.

Tangu Julai! Kumbe lile tabasamu! Kumbe machungwa! Nikamtazama Abdulmajid. Alikuwa ananikonyeza, ananiomba kwa macho niseme Kigoma. Nikajiuliza swali ambalo mtu yeyote aliyesoma angejiuliza. Mwamgongo kuna nini? Mtoto wa mjini, mjanja, haombi kwenda mahali pasipo na barabara bila sababu. Kuna kitu. Kuna cheo kinafichwa, au posho, au nyumba ya bati. Na mimi nimeendesha milima yote ile ili nimwachie?

Nikasema, Mwamgongo.

Nje ya mlango Abdulmajid akanishika ukosi. "We Jonathan, maji ya ndoo unayaogopa. Unakwenda kule kufanya nini?" Nikamjibu, lile lile unalolijua wewe. Akasema mkewe, Asia, ni mwalimu wa shule ya kule, na mtoto wao wa kwanza anazaliwa Novemba. Basi.

Nilicheka. Mke! Kisingizio cha mchana kweupe. Nilimwuliza Bi Mwanvua baadaye, akathibitisha kwamba ndoa alihudhuria yeye mwenyewe, na kwamba Mwamgongo hakuna kitu ila samaki na mlima. Hivyo hivyo ndivyo wangesema wote kama wanaficha.

Mzee Walter alitusikia tukibishana. Akatoka akicheka kwa furaha. Akasema hajawahi kuona vijana wanaogombania kituo kigumu, na kwa vile watu wanaovuka wameongezeka, basi twende wote wawili, bila kungoja Oktoba. Jumatatu. Boti moja. Abdulmajid alinikumbatia! Meza yangu ya dirishani inapewa karani hodari wa kambini, dada mmoja anayeitwa Edina.

Hilo la meza nitalilalamikia kwa maandishi.

Kuhusu boti sina wasiwasi. Nimeshafikiria. Nimechukua kwa Bonifasi tyubu mbili za baiskeli, zimezibwa vizuri, ameapa. Nitazijaza upepo na kuzivaa chini ya koti, moja kifuani na moja tumboni. Hakuna atakayejua. Abdulmajid ataniona nimekaa ukingoni mwa boti, nimetulia, nimenenepa kidogo, kama mtu aliyezaliwa majini.